Familiali ya mzee: kuirudisha kama ilivyotoka Ufaransa, ao kuitia moteri ya Toyota?

Mtoto wa leo wa Uvira ukimwambia neno gari, anaona kichwani Toyota yenye usukani upande wa kuume, iliyopitia Dar es Salaam ao Mombasa. Baba yake mkubwa ukimwambia neno hilo hilo, anaona Peugeot. Wazee wetu wanasimulia safari ya Bukavu kupitia Kamanyola na kupanda milima ya Ngomo ndani ya gari ndefu yenye mistari mitatu ya viti: mbuzi juu ya paa, mihogo nyuma, na shofa anayejua kila kona kwa jina lake. Wafaransa waliiita familiale. Huku kwetu ikawa familiali, na ilistahili jina hilo, maana jamaa nzima iliingia.

Leo familiali iliyo nzima ni kitu cha kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana swali tuliloletewa radioni juu ya gari moja kama hiyo limetushika kwa majuma kadhaa. Lakini kabla ya kulijibu, ifaa tujue kwanza ni gari gani tunayoizungumzia, kwa kuwa wengi wanaotoa shauri juu yake hawajawahi kuiona ikitembea.

Hiyo ni Peugeot 504. Ilionyeshwa kwa watu mwaka 1968, miezi michache nyuma ya migomo mikubwa ya Mei iliyoitikisa Ufaransa, na mwaka 1969 ikapewa tuzo ya gari ya mwaka ya Ulaya. Umbo lake lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Ile ya kwanza ilikuwa gari ya kawaida yenye buti nyuma. Ndugu zake warefu walifuata mwaka 1970: break, yenye nafasi kubwa ya mizigo, na familiale, yenye mstari wa tatu wa viti. (Wasikilizaji msichanganye: break ya Wafaransa haihusiani na freni. Ni jina la gari ndefu tu, na shofa mmoja wa zamani alituambia kwa kucheka kwamba break yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa freni.)

Watu wanadhani kiwanda kilichukua gari fupi kikairefusha nyuma tu. Hapana. Kati ya tairi la mbele na la nyuma waliongeza sentimeta 16, kutoka meta 2.74 hadi meta 2.90. Na chini ya gari walibadilisha mambo makubwa zaidi. Gari fupi ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake, jambo zuri kwa starehe. Ndefu ilipewa ekseli moja ngumu inayokaa juu ya resori 4 za kujiviringisha, mbili kila upande. Mtu aliyeichora alijua kwamba itabebeshwa. Hakujua itabebeshwa watu 10 na magunia ya makala, lakini alielekea huko.

Sifa yake katika Afrika haikutoka kwenye matangazo. Nduguye mkubwa, Peugeot 404, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, katika matope na mavumbi yanayofanana na ya kwetu. 504 ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Mwaka huo wa 1975 Nigeria ilianza kuziunganisha Kaduna, na Kenya nayo iliunganisha za kwake Mombasa kwa miaka mingi. Senegali hadi leo watu wanasema sept-places, yaani gari ya viti 7, na wanaelewana. Kila nchi iliipa jina lake na kazi ile ile.

Kwetu ilifika wakati mzuri uliokuwa karibu kwisha. Zaire kama sarafu ilikuwa imezaliwa mwaka 1967 ikiwa na thamani ya dola 2. Mishahara ilinunua kitu. Mwalimu, karani, mfanyabiashara wa samaki, waliweza kuota gari. Halafu tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza zairianizasio: maduka, mashamba na makampuni ya wageni yakapewa wananchi, na wengi waliopewa hawakujua hata bei ya kununulia mali waliyokuwa wakiiuza. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka. Dola zikakosekana. Na pale dola zinapokosekana, kitu cha kwanza kupotea sokoni ni piesi za magari.

Hapo ndipo historia ya kweli ya familiali zetu inapoanza, na mimi naiona kuwa kubwa kuliko ile ya Ufaransa. Fundi wa Uvira ao wa Bukavu hakuwa na piesi, alikuwa na Artikle 15: jitafutie mwenyewe. Alikata joenti katika mpira wa ndani wa tairi. Alichukua resori ya lori akaifupisha kwa moto ili kuinua nyuma ya gari, kwa kuwa barabara ilikuwa ikishuka mwaka kwa mwaka na mawe yalikuwa yakipanda. Alichoma chuma cha paa na kutengeneza kareji ya mizigo. Mwaka 1983 Ufaransa ilipoacha kuiunda 504 ndefu, huku kwetu gari nyingi hazikuwa tena kama zile zilizotoka kiwandani. Oktoba 1993, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3, na kwa wakati huo hakuna aliyeuliza kama buji ni za Peugeot ao za pampu ya maji.

Kisha vikaja uporaji wa 1991 na 1993, na vita ya 1996 iliyoingia Uvira mwezi wa Oktoba. Gari iliyotembea ilichukuliwa. Iliyobaki ni ile isiyoweza kutembea.

Gari ya swali letu ilibaki kwa njia hiyo hiyo. Ni familiali ya mwaka 1979, ya mzee mmoja aliyefanya kazi ya taksi katika barabara ya Bukavu. Vita ilipokaribia, mzee aliondoa kabureta na kichwa cha kugawa umeme, akavifunga ndani ya kitenge na kuvificha kwa jirani. Magurudumu akayaweka kwa jirani mwingine. Waliokuja kuitafuta waliikuta imekaa juu ya matofali kama kuku anayeatamia, wakaipiga risasi moja mlangoni kwa hasira, wakaenda. Ilitembea tena miaka iliyofuata. Ilisimama, ikatembea, ikasimama. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu, matope yalifika kwenye viti vyake. Mzee amefariki. Gari iko uani, chini ya turubai.

Watoto wake ni 4. Wawili wamehama makwao kwa sababu ya vita na wanakaa kwa jamaa, kila mmoja na watoto wake, katika chumba kisicho chake. Kaka mkubwa ni mwendesha pikipiki. Anataka moteri ya dizeli ya Toyota, aina ile ya Hiace, na paa la nyuma likatwe ili gari iwe kamioneti ya kubeba mihogo kutoka Kiliba na Sange. Dada anayefundisha anataka gari irudishwe kama baba alivyoinunua, hata ikichukua miaka. Mdogo wao anasema iuzwe. Kuna mtu amekuja na bei, bei isiyotosha kununua pikipiki mpya moja, naye anasema wazi kwamba anataka vyuma na kioo cha mbele tu. Mtoto wa nne hajasema neno.

Sipendi kuwacheka hata mmoja. Anayelala na watoto 5 kwa shemeji yake ana haki ya kuona kodi ya nyumba anapoiangalia gari ile. Lakini shauri la kaka mkubwa lina makosa mawili ya ufundi, na ni afadhali yasemwe kabla ya msumeno kufika.

La kwanza: 504 ndefu haina shasi ya peke yake kama lori ao kama Land Cruiser. Sakafu, nguzo, paa na milango vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na nguvu ya gari imo katika kisanduku hicho kizima. Ukikata paa nyuma ya mlango wa dereva, umekata mgongo. Itatoka garajini ikiwa nzuri. Magunia 10 ya mihogo yakipanda, itaanza kujikunja katikati, milango itakataa kufunga, na kwenye mteremko hutajua nyuma inakwenda wapi. Peugeot iliunda kamioneti ya 504 pia, lakini haikuipata kwa kukata familiale. Iliitengenezea sehemu ya nyuma yake na kuipa resori za mabapa.

La pili ni moteri. Wengi wanadhani moteri ni moyo: unatoa mmoja, unaweka mwingine. Katika gari hii, mti wa kupeleka nguvu nyuma umefungwa ndani ya bomba la chuma linaloshikana na buati ya gia upande wa mbele na difarensia upande wa nyuma. Kazi ya bomba hilo si kuficha mti tu. Magurudumu yanaposukuma gari kwenda mbele, msukumo huo unapita ndani ya bomba. Ukileta moteri ya Toyota pamoja na buati yake, bomba halina pa kushika. Itabidi ulikate, na ukilikata itabidi ubadilishe ekseli ya nyuma pamoja na namna inavyoshikwa. Ulianza na moteri moja. Sasa umenunua nusu ya Hiace, na bado karoseri ni ya mwaka 1979. Fundi mwingine anaweza kutengeneza bamba la kuunganisha moteri mpya na buati ya zamani. Inawezekana, nimeambiwa na mafundi wawili kwamba inawezekana. Nilipowauliza nani ataipima isiwe imekaa kombo kwa milimeta moja, walitazamana.

Dada naye, kwa heshima yote, anauliza kitu ambacho jibu lake si rahisi. Kuirudisha kama ilivyokuwa: lini? Kama ilivyotoka kiwandani? Basi itabidi tuondoe kareji ya paa ambayo baba yake aliichomea mwenyewe, tushushe nyuma iliyoinuliwa, tufute jina la bibi yake lililoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa nyuma. Tutapata gari safi ya mtu mwingine. Baba yake hakuendesha gari ile ya kiwandani hata mwaka mmoja.

Ulaya wana shirika la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966. Kwao gari ni ya kihistoria ikiwa imefikisha miaka 30 na haitumiki tena kwa safari za kila siku. Sharti hilo la mwisho linafaa mahali ambapo mtu ana gari ya Jumapili na nyingine ya kazi. Kwetu gari ya miaka 30 ndiyo mpya. Lakini shirika hilo lina hati, inaitwa Hati ya Turin, na ndani yake kuna mambo mawili ambayo fundi wa Kavimvira angeyakubali bila kuambiwa yametoka wapi. Moja: mabadiliko ambayo gari iliyapata wakati wa maisha yake ya kazi ni sehemu ya historia yake, si uchafu wa kufuta. Pili: ikiwa leo lazima ubadilishe kitu, badilisha kwa namna inayoweza kurudishwa nyuma, na vile ulivyoondoa vikae pamoja na gari.

Wako wanaotutajia Kuba. Ni kweli kwamba huko Havana magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 bado yanabeba abiria, na mengi yana moteri za dizeli zilizotoka Japani ao Ulaya. Baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani, piesi hazikuja, nao wakafanya Artikle 15 yao. Lakini yale magari ya Kimarekani mengi yana shasi nzito ya peke yake chini ya karoseri, na unaweza kufunga juu yake karibu kitu chochote. Familiali hairuhusu. Anayeiga ajue kwanza anaiga nini.

Basi mimi nasimama wapi? Ninaona swali la kurudisha ao kubadilisha limewekwa vibaya. Linalofaa kuulizwa kwa kila chuma ni hili: kinafungwa kwa bulo, ao kinakatwa? Kilichofungwa kwa bulo unaweza kukibadilisha leo kwa njaa na kukirudisha kesho kwa mapenzi. Kilichokatwa kimekwenda.

Kwa hiyo, moteri ya zamani ipewe nafasi ya kwanza. Watu wanaiona imekufa kwa kuwa ilinywea matope, lakini moteri hii ya petroli ina tabia moja ambayo mafundi wetu wa zamani waliipenda sana: shemizi zake, yaani yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, hazikuchongwa ndani ya bloku. Zimewekwa, zimezungukwa na maji, na zinatoka. Bloku ambayo haikupasuka inaweza kupewa shemizi na pistoni mpya na kuanza maisha tena bila kupelekwa kwa mashine kubwa ya kuchonga. Kichwa chake ni cha aluminiamu, na hicho ndicho cha kuogopa: kikipata moto sana hupinda. Kiwekwe juu ya kioo kinene na kupimwa kabla ya kununua kitu chochote. Shauri hilo halina gharama.

Ikiwa bloku imepasuka, bado si lazima kukimbilia Toyota. 504 ilitoka kiwandani na moteri ya dizeli pia, na dizeli hiyo inashikana na gari bila kukata bomba. Kamioneti za 504 zilizounganishwa Mombasa ziliendelea hadi mwanzo wa miaka ya 2000, zaidi ya miaka 15 baada ya familiali kusimama, na vitu vingi vya mbele vinafanana. Mtu wa familia anayekwenda Nairobi ao Mombasa kwa biashara aangalie huko kabla ya kuangalia kwingine.

Freni, mikono ya usukani, taa na waya viwe vipya, hata visipofanana na vya zamani. Hapo sina huruma na historia. Kwenye mteremko wa Ngomo hakuna abiria anayeuliza kama bomba la freni ni la 1979. Mikanda ya viti iongezwe. Kareji ya baba ibaki. Jina la bibi libaki, na anayepaka rangi alizunguke.

Juu ya karatasi pia neno moja, hasa kwa ndugu zetu waliohama. Karte roze ya gari hii ilibebwa na maji ya 2020. Namba ya shasi bado inasomeka. Kabla ya moteri yoyote kubadilishwa, namba hiyo ipigwe picha, jamaa wa karibu waandike na kusaini pamoja kwamba gari ni ya marehemu na warithi ni wale 4, na moteri ikinunuliwa muuzaji atoe karatasi yenye namba yake. Gari isiyo na karatasi, kila kizuizi barabarani kina hisa ndani yake.

Linabaki tundu la risasi kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. Hapo kaka na dada walibishana kuliko juu ya moteri. Kaka anasema abiria wataogopa kukaa pale, na biashara ya usafiri haitaki kumbukumbu. Dada anasema watoto waliozaliwa nyuma ya 1996 wamesikia mambo mengi na wameonyeshwa machache. Ningekuwa mimi, ningelipaka kwa ndani dawa ya kuzuia kutu na kuliziba kwa bamba dogo la bulo, nje likaonekana. Lakini mimi si mrithi, na mlango si wangu. Mtoto wa nne, yule aliyekaa kimya, ndiye alikuwa uani na baba yake siku ile, akiwa na miaka 9. Wamekubaliana kwamba yeye ataamua juu ya mlango huo, na hajaamua.

Moteri imeshatolewa na imelala juu ya meza ya fundi. Kwa sasa wanatafuta joenti ya kichwa ya moteri ya petroli ya lita 2, shemizi 4 na pistoni zake, kioo cha mlango mkubwa wa nyuma, na kiti cha mstari wa tatu, ambacho kilitolewa zamani na huenda kinatumika kama benchi katika nyumba ao kanisa fulani kati ya Uvira na Baraka. Anayekikalia, ao anayejua kilipo, apite radioni siku yoyote ya kazi. Hatutamuuliza alikipataje.